Skrubu za bawaba hazishiki, mlango unakwaruza sakafu

mkazi_mpya:
Wakuu, mlango wa chumbani ni wa mninga, una bawaba tatu za inchi 4. Skrubu za bawaba ya juu upande wa fremu zinazunguka bure. Mlango umelalia upande wa kitasa na unakwaruza sakafu. Nilijaza matundu kwa njiti za kiberiti, zikashika wiki moja tu. Nibadilishe fremu?

msumeno:
Fremu iache mkuu, kilichoharibika ni matundu. Uzito wa mlango huivuta bawaba ya juu itoke kwenye fremu na kuikandamiza ya chini, ndiyo maana ya juu hutangulia kulegea.

Weka kabari chini ya mlango upande wa kitasa mpaka ukae sawa, kisha fungua bawaba ya juu. Panua kila tundu kwa biti ya milimita 10, kina milimita 30. Chonga vigingi vya mbao ngumu iliyokauka, vipake gundi nyeupe ya mbao, vigonge mpaka mwisho na ukate kinachozidi kwa patasi. Acha saa 24. Wengi huharibu hapa: wanafunga jioni hiyohiyo, gundi bado mbichi, kigingi kinazunguka pamoja na skrubu.

Baadaye toboa katikati ya kigingi kwa biti ya milimita 3, ufunge skrubu namba 8 ya inchi 1½. Usizidishe urefu. Fremu ya inchi 2 ikishachongwa mkato wa kupokea mlango hubaki kama milimita 38, na skrubu ndefu inaishia kugonga ukuta. Pitisha meno yake kwenye mshumaa, si sabuni. Sabuni hunyonya unyevu na kuleta kutu.

patasi_kali:
Naongezea chanzo, la sivyo utarudia kazi. Skrubu nyingi za milango hupigwa nyundo, halafu bisibisi inamalizia mizunguko miwili. Meno yanachana nyuzi za mbao badala ya kujikatia njia. Usikubali fundi afanye hivyo.

Angalia na vichwa. Kichwa kisipozama kwenye bati la bawaba, kinagonga bati la pili mlango ukifungwa, na kila unaposukuma unazing'oa skrubu kwa mkono wako. Dalili yake: mlango ukikaribia kufunga unarudi kama una springi.

Skrubu nyeusi za jipsamu hazifai hapa. Ni ngumu lakini hazipindi, zinakatika shingoni.

mkazi_mpya:
Asanteni sana. Moja ilishakatikia ndani. Naitoaje?

msumeno:
Usitoboe juu yake, biti itateleza. Toboa vitundu vinne au vitano vya milimita 2 kuizunguka, chokoa mbao kwa patasi nyembamba mpaka koleo ya mdomo mrefu iishike, kisha izungushe kinyume cha saa. Tundu litapanuka, kwa hiyo hapo weka kigingi cha milimita 12.

fundi_wa_pwani:
Kwa walio karibu na bahari: skrubu za shaba hazili kutu ila ni laini, kwenye mninga zinakatika. Tangulia na skrubu ya chuma ya saizi ileile ikate njia, itoe, ndipo uweke ya shaba. Bawaba nazo ziwe za shaba, maana chuma na shaba vikigusana kwenye hewa ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa.