Mrejesho: kamba, kaa na viazi katika sufuria moja

Niliuliza kwa nini viazi vyangu vilibaki vigumu ilhali kamba walikuwa wamekakamaa kama mpira. Mlionieleza kwamba hapa Mbeya, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto kama 94 badala ya 100, hivyo viazi huchelewa kuiva, mlikuwa sahihi. Jumamosi, ukoo ulipokusanyika, nilitanguliza viazi vyenye chumvi na kitunguu saumu kwa dakika 30, nikaongeza mahindi mabichi na kaa, kisha kamba, waliokwisha kuyeyuka barafu, nikawatia mwishoni kwa dakika 3 tu, hadi walipogeuka rangi ya waridi. Ndimu niliikamua baada ya kuepua, kwa sababu uchachu huchelewesha viazi kulainika. Shangazi, hata hivyo, aliomba ugali.