Hardtail (baiskeli yenye shokapu mbele tu) ya alumini: nianze kubadilisha nini, shokapu, gia au breki?

Ringi29_Sakina

Wakuu habari za saa hizi. Nina Giant Talon ya mtumba, fremu alumini, ringi 29, gia tatu mbele nane nyuma, breki ni diski ila za waya, shokapu ya mbele ni Suntour XCM ile ya springi. Fremu iko safi kabisa, haina bonde wala ufa. Siku za kazi naendea mjini Arusha, jumamosi napanda nayo Ngaramtoni kule juu kuelekea msituni au nanyoosha mpaka Oldonyo Sambu.

Shida zangu sasa. Nikishuka nabana breki mpaka vidole vinakufa ganzi na bado baiskeli inaenda, cheni inagonga fremu kwenye mawe na ikifika korongoni inadondoka, halafu miiba ya migunga ndo usiseme, pancha kila nikitoka. Nina laki saba ya kuanzia, nyingine nitaongeza mbele ya safari. Moyo wangu uko kwenye shokapu ya upepo, na pia nataka niibandue rangi yote nipige nyeusi isiyong'aa. Mnanishauri nianze na nini? Naomba wenye uzoefu tu.

Duluti_Rider

Mkuu hongera kwa chombo, hiyo fremu ni nzuri na inastahili kuhudumiwa. Ila shokapu iache kwanza, tena iache iwe ya mwisho kabisa. Wengi wanaanza nayo kwa sababu ndo inaonekana, pesa yote inaishia pale halafu mtu anaendelea kushuka mlima na breki za waya na tairi limeisha meno.

Anza na tairi. Hicho ndo kitu pekee kinachogusa ardhi na hakuna pesa utakayotoa kwenye baiskeli ikakurudishia raha haraka kama hiyo. Kama una ya upana wa inchi 2.1 tafuta 2.25 au 2.35 yenye meno makubwa pembeni, ila kabla hujanunua ingiza kidole kati ya tairi na fremu kule nyuma karibu na kranki, ukiona kidole hakipiti kwa nafasi usiongeze upana, maana masika ule udongo mweusi wa huku ukijaa pale gurudumu linagoma kuzunguka na unakwangua alumini. Halafu upepo. Vijana wa kujaza upepo barabarani wanakupigia PSI 50 na kuendelea kama ya mizigo, ndo maana unaruka ruka kwenye mawe. Mtu wa kilo 70 hivi mwenye tyubu ndani, 28 mpaka 32 inatosha kabisa, mbele pungufu kidogo kuliko nyuma. Nunua pampu yenye geji yako mwenyewe.

Kwa miiba, dawa ni tyubulesi. Unatoa tyubu, ringi inafungwa tepu yake, unaweka valvu na ile silanti ya maji maji, mwiba mdogo ukiingia inaziba yenyewe unaendelea na safari. Angalia tu kama ringi na tairi zimeandikwa kuwa zinakubali tyubulesi, kama ringi haikubali usilazimishe kwa sababu tairi linaweza kuchomoka kwenye kona. Hapo tumia tyubu yenye valvu ya kufunguka kiini umimine silanti humo humo ndani, siyo sawa na tyubulesi lakini pancha zinapungua sana. Na silanti inakauka, kwa jua la kiangazi ifungue uitazame kila baada ya miezi miwili mitatu.

Baada ya tairi ni breki. Shimano MT200 za mafuta, ni kati ya za bei ya chini kwenye familia yao ila zinashika vizuri mno, kidole kimoja kinatosha. Angalia habu yako inashika diski kwa bolti sita au kwa nati moja ya katikati, usije nunua diski isiyoingia. Na usome maandishi kwenye diski yenyewe, zile za bei rahisi zimechongwa kwamba ni za pedi za rezini tu, ukiweka pedi za chuma unaila diski.

mzalendo_wa_lami

Mi nakwambia ukweli mkuu, laki saba juu ya baiskeli ya mtumba ni kuzika hela. Uza hiyo, ongeza hiyo hela yako, tafuta nyingine mtumba ambayo tayari ina shokapu ya upepo na breki za mafuta. Ukinunua kimoja kimoja unalipa mara mbili.

Duluti_Rider

@mzalendo_wa_lami hoja yako ina maana kama angekua anataka kubadilisha kila kitu kwa mpigo. Ila tairi na breki akizinunua vizuri anahama nazo hata akipata fremu nyingine kesho. Na fremu ambayo mtu anaijua haijawahi kuanguka vibaya ni bora kuliko ya mtumba ambayo hujui imetokea wapi.

fundi_spoku

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni fundi, nitaongelea gia na rangi maana hapo ndo watu wanaumia.

Kwanza gia. Wote siku hizi wanataka sproketi moja mbele, na kwa tatizo lako la cheni kudondoka ni sahihi, sproketi moja yenye meno mapana na membamba kwa kupokezana pamoja na direla (kile kinachohamisha cheni kwenye gia) yenye klachi ya kuikaza, cheni inatulia na kelele ya kugonga fremu inapungua sana. Lakini piga hesabu kabla. Hebu hesabu meno ya baiskeli yako, mara nyingi hizo za 3x8 zina 22 ndogo mbele na 32 kubwa nyuma, ukigawanya unapata 0.69, hiyo ndo gia yako ya kupandia. Sasa mtu anakuuzia kaseti, yaani sproketi za nyuma, ya meno 11 mpaka 42 na sproketi ya 32 mbele, hiyo ni 0.76, maana yake umetoa hela ili mlima uwe mgumu zaidi! Ukiweka 30 mbele na 46 nyuma unapata 0.65, hapo umepata nafuu kweli. Kwa kupanda kuelekea Meru nisingeweka zaidi ya 30 mbele. Utakachopoteza ni kasi ya lami, ukishuka toka Ngaramtoni kurudi mjini miguu itazunguka bure, ila wewe umesema raha yako iko porini.

Shimano Deore ya gia 10 au microSHIFT zile za 9 na 10 ni imara na bei inavumilika. Usichanganye mkono wa gia wa kampuni hii na direla ya kampuni ile, mara nyingi mvuto wa waya haulingani na hapo gia hazitakaa hata fundi awe nani. Nunua mkono, direla, kaseti na cheni vinavyoendana.

Kabla ya yote hayo hakikisha una kaseti siyo friwili ya kufunga kwa nyuzi. Toa gurudumu la nyuma, lilaze, tazama katikati pale penye meno ya kuingizia spana, halafu zungusha sproketi kinyume. Yale meno ya spana yakizunguka pamoja na sproketi, ni kaseti, uko salama. Yakibaki yametulia huku sproketi zinazunguka, ni friwili, na hapo kaseti kubwa haiingii mpaka ubadilishe habu nzima. Ni jambo la dakika mbili, lifanye leo.

Rangi sasa. Kaka nakuomba sana, asije mtu akakwambia tuloweke fremu kwenye kostiki soda rangi itoke. Kwenye chuma sawa, lakini kostiki inaitafuna alumini yenyewe, utaona inachemka na kutoa moshi, hicho kinachoyeyuka ni fremu yako. Tumia msasa wa maji kwa mkono taratibu, huna haja ya kufika kwenye chuma cheupe, kwangua ule mng'ao tu rangi mpya ipate pa kushika. Ziba na tepu sehemu za nyuzi na zile za beringi za usukani. Na kama ukikwangua ukakuta mstari mwembamba wa ufa, hasa pale bomba la chini linapokutana na la usukani au juu pale siti inapoingia, usimpelekee mchomeleaji. Alumini ya baiskeli inapikwa kwenye joto maalum baada ya kuchomelewa kiwandani ndo inapata nguvu, ukichomelea mtaani pembeni ya weldi panabaki laini na patavunjika.

Ringi29_Sakina

Asanteni sana aisee, nimejifunza kitu. @fundi_spoku nimetoa gurudumu sasa hivi nikazungusha, yale meno yanaenda pamoja na sproketi, kwa hiyo ni kaseti. Na nimehesabu, mbele ndogo ni 22 kweli. Basi naanza na tairi na MT200, gia mwezi ujao. Ila kuna jamaa anauza shokapu ya upepo, RockShox inayobonyea milimita 140, anasema inaingia tu baiskeli yoyote ya ringi 29. Niiache ipite?

fundi_spoku

Iache ipite. Baiskeli yako ilichorwa kwa milimita 100, ukiweka 140 usukani unapanda, gurudumu la mbele linakimbilia mbele, kwenye kona linakua zito na kwenye mlima mbele kunanyanyuka. Mbaya zaidi ni mzigo unaokwenda pale kwenye maungio ya bomba la usukani, na alumini ikichoka haikupi taarifa. 120 ndo mwisho, na mimi ningebaki 100.

Siku ukitafuta yako nenda na vipimo vitatu. Bomba la usukani, kama ni nyembamba juu na chini basi shokapu yenye shina linalonenepa chini haitaingia. Ekseli, habu yako ya mbele kama ni ya kile kishikizo chembamba cha milimita 9, shokapu za ekseli nene ya 15 zitakudai habu mpya. Na mahali pa kufungia breki. Zote tatu zikikubali ndo utoe hela.

Wakati unasubiri, hiyo XCM ifute miguu yake kwa kitambaa kikavu kila ukirudi, hilo vumbi la Oldonyo Sambu ni laini kama unga na linaingia kwenye sili, na usiipelekee zile pampu za kuoshea magari. Ukifunga breki mpya diski usiishike kwa vidole na usipulizie mafuta ya cheni karibu nayo. Kisha tafuta sehemu tambarare, kimbia kiasi, bana breki mpaka ukaribie kusimama, achia, rudia kama mara ishirini kwa kila gurudumu, pedi zikae. Nunua na ile pembe ndogo ya alumini inayoshikilia direla, ya kwako kabisa yenye umbo lile lile, uiweke kwenye begi, maana ikipinda huko juu utasukuma baiskeli mpaka nyumbani.