Nimehama Java kwenda Kotlin, mbona null (thamani tupu, yaani hakuna kitu) bado inanifuata?

kodi_za_usiku:
Wakuu habari za usiku. Nimepiga Java ya Android miaka sita, sasa bosi kasema kila kipya kiandikwe kwa lugha ya Kotlin maana Google wenyewe wanaitanguliza tangu 2019, nikasema poa. Nikapitisha mafaili ya zamani kwenye konveta ya Android Studio (programu ya kuandikia apu) yakatoka yamejaa !! (alama ya kuapa kwamba hapa hakuna null) kila mahali utadhani nagombana na mtu. Nimeyasafisha wiki mbili, sasa jina la mteja ni String (maandishi) safi haina hata alama ya ? inayoruhusu null, halafu jana apu imekufa mkononi mwa mteja. NullPointerException, lile kosa la kugusa null! Si walisema hiyo imezikwa? Na kubildi ndo usiseme, laptop ya RAM 8 inanguruma kama jenereta

bandari_salama:
Pole mkuu. JSON (data inayotoka kwa seva) unaisoma na nini, maktaba ya Gson?

kodi_za_usiku:
Ndio, tangu enzi za Java. Inahusikaje?

bandari_salama:
Mchawi wako huyo. Gson ni mtoto wa Java, haijui kwamba String bila ? haitakiwi kuwa null. Ikikosa konstrakta tupu (ya kuunda objekti bila kudai paramita) inapita mlango wa nyuma, inaunda objekti bila kuita konstrakta yako kabisa, seva isipotuma jina basi null inakaa humo imetulia na kompaila haina habari, mpaka uipeleke kwenye fanksheni inayotaka String ndo inalipuka, tena skrini ya mbali huko. Tumia kotlinx.serialization, maktaba ya Kotlin yenyewe, itagoma mlangoni

dada_wa_apk:
Usidanganyike na kuweka difolti (thamani ya akiba) kwenye kila paramita. Konstrakta tupu itapatikana kweli, ila seva ikituma null waziwazi Gson inaibandika vilevile, mi nililala ofisini kwa hilo. Na ukiona Android Studio imeandika String! ujue imetoka Java, maana yake "sijui, shauri yako"

kodi_za_usiku:
Nimebadili klasi moja tu ya mteja, imegoma palepale, inalalamika jina halipo. Kumbe seva yetu haitumi jina kwa waliojisajili kwa namba ya simu tu!! Kwenye Java setText, ya kuweka maandishi kwenye skrini, ilikuwa inapewa null inaonyesha patupu, miaka yote hiyo tunajua ni wateja wavivu kujaza fomu 😂 Kesho nina kikao na watu wa seva. RAM nitahangaika nayo mwenyewe