Kikundi cha familia: kijiko cha Baba (ana Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili)

Kaka Dar: Asalaam aleikum. Nimeona mtandaoni kijiko cha umeme, mkono ukitetemeka chenyewe kinatulia. Bei imechangamka, ila tukichanga tunakipata.

Dada Mikindani: Waaleikum salaam. Mimi ndo nashinda naye. Supu anakunywa, shida choo. Kuchuchumaa anaweza, kunyanyuka mpaka aite mtu. Juzi kamwita mjukuu, siku nzima hakuongea.

Shangazi Lindi: Masikini kaka yangu 😔 Si mkate tundu kwenye kiti cha plastiki?

Nasra Nesi: Shikamoo shangazi. Plastiki ikitobolewa inapasuka. Fundi wa kuchomelea atengeneze cha bomba la chuma, chenye pa kuegemeza mikono, miguuni kivishwe raba. Na ukutani bomba la kushikia, lifungwe kwa bolti ndani ya tofali. Kwa sasa anashika mlango, mlango unatembea.

Shangazi Lindi: Marahaba mwanangu.

Dada Mikindani: Kuna fundi Magomeni wa mageti. Kesho namfuata.

Kaka Dar: Na kijiko jamani?

Nasra Nesi: Kile kinamfaa anayetetemeka. Baba Mkubwa zaidi anakakamaa, kitamsaidia kidogo tu. Chukueni kijiko cha kawaida, mpini mvishe raba ya usukani wa baiskeli, mnene unashikika. Chakula kwenye bakuli, chini kitambaa kibichi lisiteleze. Chai nusu kikombe.

Dada Mikindani: Raba ipo, ya Phoenix yake mwenyewe 😂

Mjomba: Vifungo je? Ijumaa shati limemchelewesha msikitini.

Shangazi Lindi: Avae kanzu! Suruali itiwe lastiki.

Nasra Nesi: Kanzu isiburuze tu, ataikanyaga.

Dada Mikindani: Halafu anaganda mlangoni. Miguu haitoki.

Nasra Nesi: Msimvute. Bandikeni utepe wa rangi sakafuni, mistari ya kukatiza njia, avuke mmoja mmoja. Wengi unawatoa. Dawa anameza saa ngapi?

Dada Mikindani: Na chakula. Samaki wake si unamjua.

Nasra Nesi: Hapo! Levodopa, hiyo dawa yake, na samaki, nyama au maharage vinagombania njia moja ya kuingia mwilini. Kwa kawaida humezwa nusu saa kabla ya kula. Ikimchafua tumbo, kipande cha muhogo kinatosha. Ila muulizeni daktari wake kwanza, msipange wenyewe.

Kaka Dar: Haya, natuma ya fundi.

Dada Mikindani: Baba nimemsomea zote. Anasema bomba lisipakwe nyeupe, hapa si wodini.