Sukari, asilimia kumi na diwani asiyeonekana: wagombea wetu tuwapime vipi?

Mkazi wa Ayivu:
Wandugu wa Arua hapa Uganda, tusaidiane. Kiti cha udiwani wa divisheni kwenye kata yetu kina wagombea watatu na mtaa umegawanyika. Wa kwanza ni diwani wa sasa, ila hakuna ajuaye anafanya nini barazani. Wa pili ni mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Kiwanja kikiuzwa, hagongi muhuri mpaka apewe asilimia kumi ya bei. Wa tatu ana pesa: vijana wake wanapita jioni na kilo ya sukari kila nyumba, na kwenye matanga ya juzi alitoa laki mbili, akashika kipaza sauti. Wengine wanasema kula chake, kura ni siri yako. Kipi hapa ni kosa la kisheria, kipi ni tabia mbaya tu? Mlalamikaji aanzie wapi?

Faili la Kijani:
Sukari ni hongo, haina mjadala. Sheria ya Serikali za Mitaa haijaweka kiwango: pesa au zawadi yoyote inayotolewa ili kumvuta mpiga kura ni kosa, na anayepokea naye yumo. Tukio moja likithibitika linatosha kufuta ushindi.

Shida ni huko kuthibitisha. Mahakama hutaka mambo matatu kwa pamoja. Aliyepokea awe mpiga kura aliyeandikishwa. Aliyetoa awe mgombea mwenyewe, au wakala wake naye mgombea akiwa anajua na ameridhia. Na nia iwe kuvuta kura. Kesi nyingi hufia kwenye hilo la pili. "Vijana wake" si ushahidi. Ni kina nani? Walitajwa wapi kuwa mawakala? Walisema nini walipokabidhi? Nyingine huanguka kwa uzembe: hati kumi za kiapo zenye maneno yale yale mpaka nukta, picha ya mfuko wa sukari bila mtu, shahidi ambaye jina lake halimo kwenye daftari la wapiga kura. Kwa hiyo andikeni leo, kila shahidi kwa maneno yake: tarehe, saa, nyumba, nani alitoa, alitamka nini.

Kabla ya siku ya kura, peleka malalamiko ya maandishi kwenye ofisi ya Tume ya Uchaguzi ya eneo lenu. Ibara ya 61 ya Katiba inaipa Tume kazi ya kusikiliza malalamiko kabla ya kupiga kura na wakati wa kupiga kura. Nenda na nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, kesho utaambiwa hukuwahi kufika. Polisi pia, na usiondoke bila namba ya kumbukumbu.

Baada ya matokeo, kesi ya diwani huenda kwa hakimu mkuu, ndani ya siku 14 tangu matokeo yatangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Mgombea aliyeshindwa anaweza kufungua peke yake. Mpiga kura wa kawaida lazima aungwe mkono na sahihi zisizopungua 500 za waliojiandikisha eneo hilo. Hizo si sahihi za kukusanya kwa wiki moja mkianza bila mpango.

Laki mbili za matanga ni ngumu zaidi. Rambirambi ni desturi, na wakili wake atalisema hilo hilo. Kinachoweza kuigeuza ni maneno ya kwenye kipaza sauti. Kama alisema "mnikumbuke siku ile", tafuteni aliyerekodi.

Muhuri Bure:
Huyo wa LC1 mnamwachia mno. Hakuna sheria inayompa mwenyekiti wa kijiji asilimia kumi ya bei ya ardhi. Ni mazoea tu, na watu wanalipa kwa kuogopa kukosa sahihi. Mwombeni risiti, muone kama ataandika.

Chunguzeni pia anavyoamua kesi. Kesi za ardhi huanzia mahakama ya LC2, ngazi ya parishi, si barazani kwake, na kesi za madeni na mikataba LC1 inasikiliza zisizozidi milioni 2. Tena mahakama hiyo ni ya kamati, si ya mtu mmoja. Kama ameamua mipaka ya viwanja peke yake chini ya mwembe, mnajua atakavyokaa divisheni.

Kiti cha Nyuma:
Na diwani wa sasa msimpime kwa barabara peke yake. Baraza linatakiwa kukaa angalau mara moja kila miezi miwili, yaani vikao 30 hivi kwa miaka mitano. Muandikieni tauni klaki wa divisheni mkiomba kumbukumbu za vikao na orodha ya mahudhurio, mkitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2005. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Tazameni hasa kikao cha kupitisha bajeti, ambayo inatakiwa iwe imepita kufikia tarehe 31 Mei. Diwani asiyekuwepo siku hiyo ameikosa siku yenye maana kuliko zote.

Kutoa kandarasi si kazi yake, hiyo ni ya kamati ya watumishi. Vivyo hivyo PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi: ile milioni 1 kwa kaya hupitia SACCO ya parishi. Mgombea anayeahidi "kukuingiza kwenye orodha" anauza asichonacho.

Mkazi wa Ayivu:
Asanteni. Kuna video ya sukari ikigawiwa, imeshazunguka WhatsApp. Inafaa?

Faili la Kijani:
Iliyozunguka haina uzito, haijulikani ilitoka wapi wala lini. Mtafuteni aliyeipiga. Asifute faili kwenye simu yake, asiikate, na awe tayari kuapa mwenyewe mbele ya kamishna wa viapo kwamba aliirekodi yeye, mahali fulani, siku fulani. Akikataa kuapa, tafuteni shahidi mwingine.