Kundi la majirani wa Isanga, Mbeya: chakula cha Baba Divine

Jumapili jioni

Mama Atupele: Shikamooni wakubwa, habari za jioni majirani. Naomba tuongee kuhusu wale wapangaji wa chumba cha uani kwa Mama Gwamaka. Nimetoka kuwaona sasa hivi. Baba Divine figo zote mbili zimeshindwa. Anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, na kila akienda anakaa kwenye mashine saa 4 nzima. Mke na watoto 3 wanalala kwenye mkeka mmoja, na baridi hii ya mwezi wa 7 mnaijua wenyewe.

Mama Gwamaka: Ni kweli. Kodi ya mwezi huu nimewaambia waache kwanza. Sikuwa nimemwambia mtu.

Baba Lusajo: Mungu akubariki mama.

Mama Neema: Poleni zao. Ila niulize, maana nimesikia ni wakimbizi. Wakimbizi si wana UN yao? Siulizi kwa ubaya. Mwaka jana nilipofanyiwa upasuaji nilichangiwa na watu 4 tu humu ndani. Hata sasa nina deni la ada.

Mama Atupele: Mama Neema pole. Hilo la mwaka jana ni letu, tulikukosea.

Mwalimu Ambakisye: Mama Neema, swali lako ni la haki, ngoja nijibu maana nimefundisha Mpanda miaka 11. Hawa hawatoki kambini kama Nyarugusu kule Kasulu. Wametoka makazi ya Mishamo, Katavi. Wazazi wa Baba Divine walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Yeye mwenyewe kazaliwa hapahapa Tanzania. Kule Mishamo hakuna foleni ya kugawiwa unga, watu wanalima: mahindi, maharage, tumbaku. Tena walikuwa wanalisha mji wa Mpanda. Sasa mwenye jembe akiugua, nyumba nzima imeugua.

Baba Lusajo: Lakini Mwalimu, si walipewa uraia wale?

Mwalimu Ambakisye: Wengi walipewa. Vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014, watu zaidi ya laki moja na nusu. Ila wapo ambao faili zao hazikukamilika, na familia hii ni mojawapo. Kaka yake ni raia, yeye bado ni mkimbizi. Tumbo moja. Inaniuma sana hii kitu.

Mama Neema: Sikuyajua hayo. Asante Mwalimu.

Mwenyekiti wa Mtaa: Majirani, na mimi niseme la kwangu mapema. Sheria yetu ya wakimbizi ya 1998 inataka mtu akitoka kwenye makazi awe na kibali. Kibali anacho, cha matibabu, nimekishika kwa mkono wangu. Kinaisha mwezi wa 8. Nitamwandikia barua ya mtaa aanze kukihuisha sasa, asingoje kiishe. Kwa hiyo asiwepo wa kumtisha. Akija mtu kuwauliza karatasi, mleteni kwangu.

Mama Gwamaka: Ndaga fijo, asante sana mwenyekiti. Yule mama akisikia pikipiki inasimama getini anashtuka.

Baba Lusajo: Basi tuchange. Mimi natoa debe la viazi, nimetoka nayo Umalila jana. Na mkungu wa ndizi kutoka kwa shemeji Tukuyu.

Mama Atupele: Mimi maharage kilo 5 na maparachichi, mti umezaa mpaka yanaoza.

Mzee wa Kona: Ndizi ninazo pia. Nitamtuma kijana kesho asubuhi.

Dada Tumpe (nesi): Jamani subirini. Naomba sana. Msipeleke bado.

Dada Tumpe (nesi): Nimetoka zamu sasa hivi ndiyo nasoma. Ya kwenye faili lake sisemi, nasema ya kila mgonjwa wa figo. Hivyo vyote mlivyotaja, viazi, ndizi, maparachichi, maharage, vina madini ya potasiamu kwa wingi. Sisi figo zetu zinayatoa kwenye mkojo. Yeye hazitoi. Yanajaa kwenye damu kati ya siku ya mashine na siku ya mashine, na yakizidi moyo unaweza kusimama. Anaweza kula sahani ya ndizi usiku mkamkuta asubuhi hayupo.

Baba Lusajo: Mungu wangu. Wiki iliyopita nilimpelekea ndizi za kupika. Alinishukuru sana.

Dada Tumpe (nesi): Hukujua kaka, usijilaumu. Na yeye hawezi kumkatalia mtu aliyembebea chakula mpaka mlangoni.

Mama Gwamaka: Alinipa mimi zile ndizi. Akasema watoto wameshiba. Kumbe!

Mzee wa Kona: Sasa binti yangu, huku kwetu ukiondoa ndizi, viazi na maharage mtu anabaki na nini?

Dada Tumpe (nesi): Shikamoo baba. Anabaki na vingi tu. Wali, mchele wa Kyela mzuri kabisa. Ugali wa sembe, dona aiache. Kabichi ya kuchemsha na kumwaga maji. Mayai, na kasamaki au kanyama kidogo, maana ile mashine inamtoa protini. Chumvi kidogo sana. Hata maji ya kunywa anapimiwa, kwa hiyo msimlazimishe chai vikombe vitatu kwa ukarimu. Na kila kitu amuulize mtaalamu wa lishe pale kliniki, vipimo vyake ndivyo vitakavyosema.

Mama Neema: Mimi nafuga kuku. Trei ya mayai kila Jumamosi, nimejitolea.

Mama Atupele: Mama Neema 🙏🏾🙏🏾

Mwalimu Ambakisye: Viazi na ndizi visipotee, watoto na mama yao wale. Watoto wana figo nzima.

Baba Lusajo: Nabadilisha. Viazi ni vya watoto. Na bajaji yangu ya kwenda hospitali Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi ni bure, mpaka mwezi uishe. Kurudi ndiyo sitakuwepo, nakuwa Uyole.

Mzee wa Kona: Kurudi achukue bodaboda?

Dada Tumpe (nesi): Hapana baba. Akitoka kwenye mashine anakuwa hana nguvu, kizunguzungu. Bodaboda ataanguka.

Mwenyekiti wa Mtaa: Kurudi tutalipia bajaji kutoka kwenye mchango. Mama Atupele shika daftari. Malipo ya hospitali yenyewe, Ustawi wa Jamii pale wameanza kumsaidia, nitaenda naye Jumatano nijue kinachobaki.

Mama Atupele: Sawa. Mpaka sasa 85,000. Blanketi 2 kutoka kwa Mama Gwamaka. Nimuunge Mama Divine humu? Nimeona tunampangia mtu chakula hayupo.

Mwalimu Ambakisye: Muunge. Ilitakiwa iwe hivyo tangu mwanzo.

Mama Atupele amemuunga Mama Divine

Mama Divine: Shikamooni wote. Dada Atu amenisomea yote. Murakoze cane, asanteni sana. Mume wangu ameniambia niombe msamaha kwa Baba Lusajo kwa zile ndizi.

Baba Lusajo: Shemeji, mimi ndiye wa kuomba msamaha.

Mama Divine: Kitu kimoja naomba kama hamtachoka na mimi. Anatamani viazi, analia kama mtoto. Kliniki walisema mara mojamoja naweza kuvimenya, nivikate vidogo, niviloweke, nivichemshe kwenye maji mengi na kuyamwaga, na ale vichache. Ila nina kisufuria kimoja cha uji, maji hayatoshi.

Mama Neema: Lipo sufuria la shughuli hapa kwangu, la lita 20. Neema analileta sasa hivi, fungua geti.