Mliooana karibuni, kitu gani kidogo kimeleta raha nyumbani kwenu?

Mpangaji wa Goba

Wakuu habari za jioni. Mimi na mke wangu tumeanza maisha mwaka jana, tumepanga Goba, chumba na sebule na kajiko kadogo hivi ka kupikia. Mimi napiga kazi Kariakoo yeye yuko Mwenge, kwa hiyo mpaka wote tufike ni saa 2 usiku na foleni ndo mnaijua. Mwanzoni kila mtu akifika anashika simu yake, msosi ni chipsi za pale stendi au kiporo, tukishiba tunalala. Hakuna ugomvi wala nini ila nyumba ilikuwa kama gesti.

Sasa alivyoenda kwao Pangani akarudi na mbuzi. Sio wa kufuga jamani, wa kukunia nazi. Mimi mtu wa Singida, nazi nilikuwa naiona kwenye wali tu, akaniambia kaa hapo mume wangu, bana goti, zungusha nazi taratibu na ukiona inaanza kutoka rangi ya kahawia acha maana tui litakuwa jeusi. Tangu hapo kukuna nazi ni kazi yangu rasmi. Nakuna yeye anachambua mchele, ananipa umbea wa ofisini kwao, mara nacheka mara namuuliza "enhe halafu bosi akasemaje", mpaka lile tui la kwanza linaingia sufuriani tumeshaongea kuliko wiki nzima ya zamani. Najua blenda ipo na inamaliza kazi dakika mbili, msinishauri blenda.

Swali langu sasa, tumedunduliza kama laki 2 na nusu. Mimi nataka tuongezee tuchukue TV kubwa, yeye anasema chochote ila sio TV. Nyie wenzetu mlionunua au kubadilisha kitu kidogo mkaona nyumba imechangamka, ni nini? Tupeni mawazo.

mama_kijacho

Hongera sana kaka, mwanaume anayekuna nazi mtunze huyo shem 😂

Sisi kwetu ni jiko la presha la umeme. Tulikuwa hatuli maharage kabisa siku za kazi, nani aanze kubandika maharage saa 2 usiku mkaa wenyewe bei hiyo, na kwenye gesi ukichemsha maharage mara mbili tatu mtungi wa kilo 6 unausikia unavyopungua. Sasa hivi nayaloweka asubuhi kabla ya kutoka, nikirudi naosha natia maji nafunga mfuniko nabonyeza, naenda zangu kuoga. Nikitoka presha imeshashuka yameiva yamekuwa laini, naunga na kitunguu na nyanya, tui zito natia mwisho kabisa. Umeme unaokula haufiki hata uniti moja, mume wangu alikuwa anabisha akaenda kusoma mita mwenyewe kabla na baada, akanyamaza.

Ila cha kuangalia ni LUKU yenu ikoje. Kama mna mita yenu na mko kwenye ile tarifu ya matumizi madogo, uniti ni kama shilingi 122 ukishaweka na kodi, mradi msivuke uniti 75 kwa mwezi. Mkipandishwa kwenye tarifu ya kawaida inakimbilia 350 na zaidi, hapo lazima mhesabu vizuri. Bado na ile kodi ya jengo ya 1,500 kila mwezi inakatwa humohumo, mdai mwenye nyumba awarudishie maana jengo ni lake.

Jogoo la Temeke

Mnampotosha mwenzenu, anunue TV 😂😂

Mimi Simba waifu Yanga, kabla ya TV nilikuwa naenda kuangalia mpira kibanda umiza narudi usiku ananuna. Siku hizi dabi tunaangalia sebuleni, atakayefungwa anaosha vyombo na anapika siku inayofuata. Sitasema hivi karibuni nani anaosha sana. Lakini raha yake hata ukifungwa unafungwa uko kwako, kuna chai na karanga pembeni, na mtu anayekuzomea ndo huyohuyo mnalala wote.

Uzuri mwingine shemeji yangu kaja juzi kakuta tunazozana kuhusu penati akadhani tunaachana.

bintiKisauni

Mimi nawaandikia kutoka Mombasa. Kwetu hatukununua kitu, tulibadilisha Jumapili tu. Zamani Jumapili ilikuwa ni ya kutembelea watu, huku kwa mama mkwe, kule kwa mashangazi, mnarudi mmechoka Jumatatu ndo hiyo. Bwanangu akasema asubuhi ya Jumapili mpaka saa 5 hatutoki na hatupokei mgeni, atakayekuja ajue mlango hausikii.

Basi Jumamosi usiku nakanda unga wa mahamri kwa tui na iliki, natia hamira naufunika naulaza. Asubuhi yeye ndiye anasukuma, mimi nakaanga. Anasukuma vibaya wallahi, yanatoka ya kila umbo, lakini yakiingia kwenye mafuta yanafura vizuri tu, na kufura ndio hamri lenyewe, umbo nani anauliza. Mbaazi za nazi tunanunua kwa jirani maana zake siwezi kumshinda, kwa nini nijisumbue. Tunakula barazani tukiwa na nguo za kulalia mpaka watu wakianza kupita ndo tunaingia ndani. Mama mkwe alikasirika mwanzo, saa hizi anatuma mtoto na bakuli kuchukua mahamri yake.

Fundi wa Keko

Mimi natengeneza fanicha kwa hiyo mtasema navutia kwangu, lakini tengenezeni meza ndogo ya kulia ya watu wawili. Sio ile ya viti 6 wanayonunua watu halafu inageuka ya kuwekea nguo za kupiga pasi. Ya mbao ngumu ndogo inabanwa ukutani kwa bawaba, mkimaliza mnaikunja chini, chumba kinabaki na nafasi. Na stuli mbili. Wateja wangu wengi vijana wanakula kwenye kochi sahani iko mapajani kila mtu anaangalia mbele, mkikaa meza ndogo lazima mtazamane tu hamna pa kukimbilia.

Halafu toeni ile taa nyeupe kali ya sebuleni mweke ya njano. Ni bei ya soda chache tu na usiku sura ya mke wako utaiona upya.

Mpangaji wa Goba

Nimemsomea waifu zote. Ya bintiKisauni kaipitisha palepale bila kikao, Jumapili hii tunaanza, ila kasema mbaazi atapika mwenyewe hawezi kununua mbaazi mtu wa Pangani. Taa ya njano nimeshanunua nikishuka Mwenge leo. Ya Jogoo kaisikiliza akauliza "huyo ni rafiki yako?"

Kwa hiyo tumebaki na jiko la presha au meza ya fundi. Shida mita tunashea wapangaji watatu, kila mwezi tunachanga sawa na mmoja wetu ana friji na pasi haitulii. Mama kijacho hapo inakuwaje? Na fundi hiyo meza ya kukunja inaanzia ngapi?

mama_kijacho

Mkishea watatu kwenye uniti 75 hamkai, lazima mko kwenye tarifu kubwa. Hata hivyo kwa maharage bado utaona nafuu kuliko mkaa, ila hao wenzio wakiona una jiko la umeme mchango utaanza kuleta maneno. Wekeni kwanza sabmita, yaani mita ndogo ya ndani, kila mtu na yake, fundi umeme yeyote anafunga, halafu ndo ununue jiko.

Fundi wa Keko

Meza nitumie vipimo vya ukuta inbox. Na uangalie huo ukuta ni wa tofali au ni ile patisheni ya jipsamu, kama ni jipsamu bawaba haitashika, nitakuwekea miguu.